Dereva bajaji akishapata hesabu anapaki hata siku pesa imejaa barabarani, wachumi hili mnalielezaje?

MtuWaKibada

Heshima kwenu wakuu. Nina bajaji moja inapiga kazi huku Kigamboni, Kibada na Feri hapo katikati. Hesabu elfu 20 kwa siku, mafuta juu ya dereva, Jumapili ya kwake mwenyewe, chombo kinalala kwangu.

Sasa kinachonitatiza ni hiki. Siku abiria wamejaa, labda mvua imeshika kutwa nzima au watu wanarudi mjini baada ya sikukuu, saa tisa alasiri hesabu imeshaingia kwenye simu na chombo kipo uani. Siku kavu, abiria wa kuokoteza, huyohuyo yuko barabarani mpaka saa tano usiku anahangaika. Mi akili yangu inaniambia ingekuwa kinyume, siku pesa ipo ndo ukeshe, siku haipo ukalale.

Mpwa wangu anasoma uchumi pale Mlimani, nilipomsimulia akacheka, akasema kuna profesa mmoja Uswisi anaitwa Ernst Fehr alishafanyia utafiti kitu kama hicho kwa vijana wanaosambaza vifurushi kwa baiskeli, akaanza kunimwagia maneno ya darasani nikamwambia ngoja kwanza. Naomba anayeelewa anieleze kwa lugha ya kijiweni. Huyu dogo ni mvivu tu au kuna kitu hapa? Na nikimpandishia hesabu siku za mvua itasaidia?

kobe_mzee

Hesabu yako umepata kamili na mapema, sasa kinachokuuma nini? Wamiliki wa bajaji bwana.

Takwimu_Mwananyamala

Mkuu hapo umegusa ugomvi wa siku nyingi sana kwa wachumi. Nadharia ya kawaida inasema kama wewe, mtu akilipwa vizuri kwa saa leo kuliko kesho basi leo afanye saa nyingi na kesho apumzike. 1997 Camerer na wenzake (Thaler yumo, yule aliyekuja kupata Nobel 2017) wakachukua karatasi za safari za madereva teksi wa New York wakakuta kinyume chake, siku nzuri dereva anafunga mapema, siku mbaya anakaa muda mrefu. Maelezo yao ni kwamba dereva ana lengo la siku kichwani. Chini ya hilo lengo anajiona amepata hasara, akilivuka kila shilingi ya ziada inapungua ladha. Wakapiga hesabu kwamba dereva akichukua saa zilezile na kuzigawa sawasawa kila siku angepata kama asilimia 5 zaidi, na akizihamishia kwenye siku nzuri karibu asilimia 10, bila kuongeza hata saa moja. Na wakaona wazoefu hawana sana hiyo tabia, ni wageni wa kazi ndo wanaoshikwa nayo.

Sasa Fehr ndo anaingia hapa. Shida ya teksi ni kwamba hujui kwanini siku ilikuwa nzuri, huenda kilichowaleta abiria ndo kilichomchosha dereva. Kwahiyo yeye na mwenzake Goette wakaenda kwa vijana wa baiskeli wa Zurich wakafanya jaribio kabisa, wakawagawa kwa bahati nasibu makundi mawili, kundi moja kamisheni ikapanda asilimia 25 kwa wiki nne, jingine likabaki vilevile, baadae wakabadilishana zamu. Hapo hakuna mvua wala sikukuu ya kusingizia, tofauti ni malipo tu. Ilitoka 2007 na majibu yake matamu kweli, maana pande zote mbili zilipata na kukosa. Vijana waliopandishiwa walichukua shifti nyingi zaidi ndani ya mwezi, kama nadharia inavyotaka. Lakini ndani ya shifti moja walikuwa wanaingiza kama asilimia 6 pungufu, yaani wanakuja kazini mara nyingi ila wakishafika wanalegeza kidogo.

Afu kuna kipande watu wengi wanakiruka, nacho ndo kitamu kuliko vyote. Waliwapa kamari ndogo, sarafu inarushwa, ikidondokea huku unapata faranga 8, ikidondokea kule unapoteza 5. Kwa hesabu ya kawaida unakubali, wastani uko upande wako. Kuna waliokataa, wale ambao kupoteza kunawauma kuliko kupata kunavyowafurahisha, na ndo haohao waliolegeza ndani ya shifti. Waliokubali kamari hawakulegeza kiasi cha kuonekana. Ndo maana watu wakamwelewa Fehr, hakuishia kusema binadamu wa ajabu, alionyesha ni binadamu gani.

Uvivu? Mvivu hakai barabarani mpaka saa tano usiku mkuu.

BajajiRangiTatu

Mi ndo naendesha hizo bajaji, Mbagala Rangi Tatu. Nimesoma yote hapo juu, maprofesa wazuri ila wamekaa ofisini.

Hilo lengo haliko kichwani, liko mlangoni. Asubuhi naamka natakiwa elfu 20 ya bosi, mafuta, hela ya kula nyumbani, mchezo wa kijiweni (ule wa kuchangiana kwa zamu) elfu tano kila siku na ukikosa unachekwa mpaka wiki iishe, na kama una rejesho la kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ndo kabisa, jamaa anakusubiri pale na daftari. Kwahiyo siku kavu silali, sio kwa sababu napenda, nikilala kuna mtu ananidai usiku huohuo. Siku nzuri vyote vimeisha saa tisa, mgongo unauma, nirudi nikamwone mtoto angali macho. Hapo kosa liko wapi?

Na mvua mnaiongelea kama sherehe. Tripu ya elfu mbili inachukua muda wa tripu tatu kwa foleni, maji yanaingia kwenye plagi chombo kinazima katikati ya dimbwi unashuka kusukuma na abiria anakutazama. Mwenye chombo anaona abiria wengi, mi naona masaa.

kobe_mzee

Nakazia hapo kwenye kausha damu 😂

Takwimu_Mwananyamala

Dereva umenena, na habari njema ni kwamba wapo maprofesa waliokuja kukubaliana na wewe. Henry Farber wa Princeton alikuwa habishani kwa maneno, 2015 akatoa utafiti wenye data za kielektroniki za teksi zote za New York kwa miaka mitano, 2009 mpaka 2013. Akakuta kwa ujumla madereva hufanya kazi zaidi pale malipo yakiwa mazuri, na hiyo habari ya kufunga ukishafika lengo si kubwa kama ilivyosemwa. Na kuhusu mvua akasema karibu neno lako kwa neno, wanaotaka teksi wanaongezeka ila mwendo unakuwa wa pole, kwahiyo pato la dereva kwa saa halipandi, na kuendesha kwenye mvua kunakera, bas teksi zinapungua barabarani.

Hiyo ya mlangoni nayo imefanyiwa kazi, na sio mbali, ni magharibi mwa Kenya. Dupas na Robinson na mwenzao walifuatilia boda boda wa baiskeli huko, wakawa wanaandika kila siku mtu ana hitaji gani la pesa taslimu, ada, ugonjwa, deni. Siku yenye hitaji mtu anakaa zaidi, akishapata pesa ya hilo hitaji uwezekano wa kufunga kazi unapanda. Yaani lengo lipo, ila limetoka kwenye shida ya siku hiyo. Mi binafsi naona huo ndo utafiti unaomhusu dereva wa MtuWaKibada kuliko ule wa Zurich, kijana wa Uswisi hana mtu wa daftari anayemsubiri kijiweni.

Sikubaliani_Daima

Hapo hapo. Mi nachoka na hizi habari za majaribio ya wanafunzi wa Ulaya wanapewa faranga wacheze michezo kwenye kompyuta afu tunaambiwa "binadamu yuko hivi". Isitoshe hiyo fani ina madoa, kuna makala maarufu ya 2012 iliyodai ukisaini fomu juu badala ya chini unakuwa mkweli zaidi, serikali na makampuni wakaimeza, 2021 ikafutwa baada ya watu kugundua data za bima zilizotumika zilikuwa za kupikwa. Kwanini nimwamini huyo Fehr wenu?

Takwimu_Mwananyamala

Ya 2012 ni kweli kabisa na ilikuwa aibu, ila waliogundua ni watafiti wa fani hiyohiyo, walichukua data zilipowekwa hadharani wakazichambua mstari kwa mstari.

Hili la wanafunzi wa Ulaya lakini halimgusi Fehr kiasi hicho, kwa sababu yumo kwenye waandishi wa ule utafiti wa 2001 ulioongozwa na Henrich, jamii 15 ndogondogo katika nchi 12, na mbili ziko hapa kwetu, Wahadza wa Ziwa Eyasi na Wasangu wa bonde la Usangu kule Mbeya. Mchezo ni ule wa kugawana: mimi napewa pesa, napendekeza nikugawie kiasi gani, ukikataa wote tunakosa. Kwa vitabu vya zamani unatakiwa ukubali hata senti moja kwani bora hiyo kuliko kukosa. Hakuna jamii hata moja iliyocheza hivyo. Wamachiguenga wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26 na karibu hakuna aliyekataa, wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa asilimia 58, maana kule kuua nyangumi ni kazi ya mtumbwi mzima na kugawana kuna sheria zake. Waorma wa Kenya walipochezeshwa mchezo wa kuchangia chungu cha pamoja wakasema wenyewe kumbe hii ni harambee tu. Kwahiyo jibu lao lilikuwa kama lako, binadamu hayuko hivi kila mahali, anacheza kama anavyoishi kwao. Ukitaka kumpiga Fehr mpige kwingine.

MtuWaKibada

Nimewapata wakuu, asanteni sana, hasa dereva. Kumbe dogo naye ana mchezo na mkopo, hilo sikuwahi kuuliza. Sasa turudi kwenye swali la pili, hesabu ya mvua niiache? Kuna jirani ananishauri nifunge na GPS nione anapaki saa ngapi.

Takwimu_Mwananyamala

Hesabu ya mvua achana nayo. Utakuwa unamtoza siku ambayo kwa saa hapati zaidi, umeshaambiwa na dereva na Farber.

GPS kwa ajili ya wizi funga, hakuna anayekukataza. Ila kwa kumhesabia masaa angalia. Falk na Kosfeld, kazi ya 2006, wanafunzi tena wa Zurich (Sikubaliani utanisamehe), mmoja bosi mmoja mfanyakazi, bosi anaweza kumwachia huru au kumwekea kiwango cha chini kabisa cha pointi za kumtolea bosi. Wengi wa wafanyakazi waliowekewa kiwango walipunguza, wakatoa kidogo kuliko ambavyo wangetoa wakiachiwa, kwa sababu wameshaona bosi haniamini. Fehr mwenyewe alianzia huko, 1993 na wenzake wawili walionyesha mabosi wanaolipa juu ya lazima wanarudishiwa jitihada juu ya lazima, hata pale ambapo hakuna mkataba unaomlazimisha mtu.

Kama mimi ndo wewe ningegusa kitu kimoja tu, urefu wa hesabu. Leo unadai kwa siku, ndo maana siku inakuwa ukuta. Ukidai laki na ishirini kwa wiki, siku ya Jumanne yenye abiria inaweza kumbebea Alhamisi kavu.

BajajiRangiTatu

Kwa maneno matamu sawa. Ila hela ya bosi ikilala kwangu siku tatu si ya bosi tena, ina wenyewe nyumbani, shemeji ameugua, mtoto kafukuzwa ada. Ukimpa wiki mwache atume kila siku anachotaka, leo 35 kesho 10, wewe unajumlisha Jumamosi. Hapo hata mi ningekaa barabarani siku nzuri, maana najua kesho napumua.

MtuWaKibada

Hii nimeielewa vizuri zaidi kuliko zote. Naanza wiki ijayo, nipime wiki mbili halafu nilinganishe na zilizopita.

Takwimu_Mwananyamala

Angalia tu usianzie mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imetoka ukasema mpango umefanya kazi. Na bajaji moja sio jaribio mkuu, Fehr alikuwa na kundi la kulinganisha wakati huohuo. Tafuta wenzako wa hapo Kibada wenye chombo, nusu waende kwa wiki nusu wabaki kwa siku, mchague kwa bahati nasibu nani awe wapi.

BajajiRangiTatu

Fanyeni ila madereva muwaambie kabla. Na Jumapili msiiguse kwenye hayo majaribio yenu.