Wauzaji wangu hawajarudi sawa tangu Juni 25. Nifanyeje?

DadaWaKaunta
Hamjambo wakubwa. Nasimamia duka la simu karibu na Moi Avenue, katikati ya Nairobi, wafanyakazi sita. Juni 25, 2025, siku ya maandamano ya kuwakumbuka waliouawa kwenye maandamano ya 2024, tulijifungia ndani saa nzima huku vitoa machozi vikilia nje. Tulipoondoka, mlango ukavunjwa. Rafu zilibaki mbao tupu.

Bosi alijaza bidhaa baada ya siku chache. Watu ndio hawajajaa. Kijana wangu hodari, aliyekuwa akimuuzia simu hata mtu aliyeingia kuuliza njia ya Luthuli, sasa mteja akiingia anamtazama mikono kwanza. Dada wa pesa anahesabu mara tatu na bado anakosea. Bodaboda ikipiga mlio (mnazijua eksozi zao), wote wanageukia mlango. Bosi ameongeza kamisheni, mauzo hayajasonga. Halafu Julai 7, Saba Saba, siku ya kukumbuka maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi, polisi walifunga barabara za kuingia mjini, vijana wakashindwa kufika, wakakatwa pesa za siku hiyo. Tangu hapo hata salamu za asubuhi ni za kuvutwa.

MzeeWaGhala
Binti yangu, kamisheni haiondoi hofu. Januari 2008 nilikuwa karani wa ghala Industrial Area. Ilikuwa ghasia za baada ya uchaguzi, na kabla Kibaki na Raila hawajatia sahihi mkataba wa kugawana madaraka wa Februari 28, watu waliokuwa wakigawana chapati walikuwa wanakula kila kabila na kona yake. Msimamizi wetu hakuhubiri. Alitupanga wawili wawili, makabila tofauti, kuhesabu mizigo, na kila karatasi ilitaka sahihi mbili. Basi ikabidi tuongee, japo ni tarakimu tu. Wawili waliacha kazi, sikufichi. Sisi tuliobaki tulianza kuaminiana kupitia zile karatasi.

Nikuulize: nani huamua mlango ufungwe?

Kifungu14
Dada, kuhusu makato. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata siku ya mtu aliyekosa kazi bila ruhusa wala sababu halali. Barabara kufungwa na polisi, mimi ningeitetea hiyo mbele ya afisa wa leba. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya 2007 pia, kifungu cha 14: mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri asimtake arudi mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Mwonyeshe bosi faraghani, si mbele ya vijana.

MwenyeDuka
Na sisi mtuhurumie kidogo. Bima ya kawaida ya moto na wizi hailipi ghasia za kisiasa mpaka ununue kinga yake kando. Mimi nililijua hilo nikiwa nimesimama juu ya vioo. Kukata siku ni makosa, nakubali, lakini huenda bosi wako naye hapati usingizi.

DadaWaKaunta
Asanteni. Mzee, hapo umenigusa. Mlango huamuliwa na bosi, kwa simu, na yeye hukaa Kitengela, nje ya Nairobi. Siku ile nilimpigia mara nne kabla hajashika, na muda wote huo yule kijana alikuwa amesimama na kufuli mkononi, ananitazama. Kesho namwendea bosi. Naanza na hilo la kufuli, makato yatafuata.