Hivi Tressel wa Ohio State aliondoka kwa sababu ya tatuu tu?

Mgeni_wa_Baridi:
Wakuu, habari za jioni. Niko Ohio tangu Agosti, nasoma, na jioni naosha vyombo kwenye mgahawa. Ukutani kuna picha ya kocha mmoja kavaa shati, tai na fulana ya sufi isiyo na mikono, wanamwita Jim Tressel, aliyefundisha timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Ohio State. Mpishi anaapa kwamba hajatokea kocha kama yule, na kwamba alipoteza kazi kwa sababu vijana wake walichorwa tatuu za bure. Mbona sasa hivi wachezaji wa chuo wanalipwa mchana kweupe, mpaka matangazo wanafanya? Au mpishi ananipiga kamba?

Mzee_wa_Ghala:
Karibu Ohio mdogo wangu, na koti nunua mapema. Mpishi hajakudanganya, ila hadithi kaianzia katikati.

Mwaka huo, 2011, nilikuwa Columbus, mji chuo hicho kilipo. Alijiuzulu tarehe 30 Mei, Jumatatu ya sikukuu, watu wako uani wanachoma nyama. Mimi nilikuwa nimelala, maana natoka zamu ya usiku. Jirani yangu, mtu mzima wa makamo, alinigongea mlango kuniambia kana kwamba kafiwa, na nyama yake huko nyuma ikaungua yote.

Hizo tatuu ni kweli. Mjini hapo palikuwa na duka la tatuu, wachezaji wakimpelekea mwenye duka pete za ubingwa, jezi na suruali za dhahabu, naye anawapa hela au anawachora, jambo lililokatazwa enzi hizo. Usicheke kuhusu suruali. Ni kidani kidogo chenye umbo la suruali, na kila mchezaji hupewa timu ikiifunga Michigan, desturi ya tangu miaka ya 1930. Ohio State na Michigan ni Simba na Yanga ya huku, na Tressel katika miaka 10 aliwafunga mara 9, kwa hiyo suruali hazikuwa adimu mtaani.

Terrelle Pryor, mchezaji aliyekuwa anapanga mashambulizi na kurusha mpira, aliamriwa alipe dola 2,500 za vitu alivyouza, ziende kwa wahitaji. Desemba 2010 yeye na wenzake wanne walifungiwa mechi 5 za msimu unaofuata. Wengi tukaona yamekwisha.

Kumbe Aprili ya mwaka huohuo wakili mmoja, naye aliwahi kuichezea Ohio State, alishamwandikia kocha barua pepe: vijana wako wanamuuzia vitu mwenye duka la tatuu, na huyo mtu anachunguzwa na serikali kwa dawa za kulevya. Kocha akajibu kwamba atalishughulikia, kisha akakaa nalo. Septemba akasaini fomu ya NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, kwamba hajui kosa lolote. Msimu mzima akawachezesha watu asiotakiwa kuwachezesha. Chuo kilizikuta zile barua Januari 2011, tena kikitafuta mambo mengine.

Saini ndiyo iliyomwondoa. Nami nasema hivi nikijijua, maana siku zile nilikuwa najaza karatasi ya ukaguzi wa foklifti bila hata kugusa breki. Jumanne niliporudi kazini nilizikagua moja moja, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

BintiKisauni:
Kaka, usimwonee mzee wa watu. Mwenyewe alisema alinyamaza kwa sababu kulikuwa na uchunguzi wa jinai na wakili alitaka iwe siri. Alikuwa anawalinda watoto.

Mzee_wa_Ghala:
Dada yangu, siri gani hiyo? Barua zilezile alimtumia mfanyabiashara wa Pennsylvania, yule aliyekuwa kama mlezi wa Pryor. Yaani mfanyabiashara anajua, wakubwa wa chuo hawajui.

Na chuo nacho kilimwogopa. Machi walimpa mechi 2 za kukaa nje na faini ya dola 250,000. Rais wa chuo, Gordon Gee, alipoulizwa kama alifikiria kumfukuza, alisema anatumaini tu kocha hatamfukuza yeye. Watu walicheka, mimi sikuona kichekesho.

Kapteni_Ubungo:
Nyongeza fupi kwa mleta mada. Ushindi wote wa 2010 ulifutwa. Mwaka 2012, chini ya kocha mpya Urban Meyer, walishinda mechi zote 12 na wakazuiwa kucheza baada ya msimu kwa sababu ya adhabu hiyohiyo. Ruhusa ya wachezaji kuingiza hela kwa jina na sura zao ilikuja Julai 2021. Tressel hakuzama: alikuwa rais wa chuo cha Youngstown State, na 2025 akateuliwa naibu gavana wa Ohio.

Mgeni_wa_Baridi:
Naibu gavana! Asanteni sana. Leo nimemuuliza mpishi kuhusu zile barua pepe. Kanyamaza kidogo, kisha kanionyesha masufuria, anasema yananisubiri. Mzee wa Ghala, swali la mwisho: hizo suruali za dhahabu siku hizi zinauzwa shilingi ngapi?