Begi moja, kitabu kimoja: Superman na Spider-Man, kura za 1996, au JLA/Avengers?

Otis_Kondele
Wadau, habari za jioni. Binamu yangu anarudi Kisumu Desemba kutoka Marekani, na amenipa nafasi ya kitabu kimoja tu kwenye begi. Nataka zile hadithi ambazo Marvel na DC, kampuni mbili pinzani za vitabu vya katuni za mashujaa, waliandika pamoja. Kwenye simu nimezisoma nusunusu hadi macho yakauma. Nimekwama kati ya tatu:
1. Mkusanyo wa zile za zamani uliotoka 2024, wenye Superman na Spider-Man ya 1976.
2. Mwenzake wa 2024, wenye lile pambano la 1996 ambapo wasomaji walipiga kura.
3. JLA/Avengers, timu ya DC na timu ya Marvel, ya mwandishi Kurt Busiek na mchoraji George Pérez.
Pesa nimedunduliza tangu Machi. Nisaidieni.

Shemeji_Nax
Otis, hizi kampuni zichukulie kama Gor na Ingwe, wale watani wa soka. Mashemeji. Wiki nzima matusi, Jumamosi harusini meza moja. Ndiyo maana kwenye zile za zamani hakuna anayeshindwa kabisa. 1976 Spider-Man anamtandika Superman hadi unashangaa, kumbe Luthor, adui wa Superman, amempiga Spider-Man kwa miale ya jua jekundu kisirisiri, na jua jekundu ndilo linalomlegeza Superman. Miale ikiisha, Superman anasimama tu pale anapigwa, na ni mikono ya Spider-Man inayoumia. Halafu wanapatana. Sare!
Lakini chukua namba 1. Humo kuna Batman na Hulk ya 1981, mchoraji José Luis García-López. Hulk amebana pumzi ili asivute gesi ya usingizi ya Batman, Batman anampiga teke la tumbo, Hulk anashtuka anavuta hewa, kwisha. Mtu asiye na nguvu zozote anashinda kwa akili. Kwangu hilo teke linashinda kura zote za 1996.

Radi_ya_Kisii
Shemeji umepotoka. Namba 2, bila mjadala. Mapambano matano wasomaji wenyewe ndio walioamua: Superman akamshinda Hulk, Batman akamshinda Captain America, na Marvel wakachukua matatu yaliyobaki kupitia Spider-Man, Wolverine na Storm.
Storm, jamani! Kwenye hadithi mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, na X-Men, timu ya Marvel, walipomchukua 1975 alikuwa hapa hapa kwetu, watu wanamwabudu kwa sababu ya mvua. Alimwangusha Wonder Woman kwa radi. Sisi wa Kisii hatuhitaji kuelezwa radi inafanya nini.

Mwl_Kakamega
Radi, malizia hadithi yote. Kabla ya hilo pambano Wonder Woman alikuwa ameokota nyundo ya Thor, ambayo huinuliwa na anayestahili tu, na ikamkubali. Akaiweka kando kwa sababu aliona si haki kumpiga mwenzake nayo. Akapigwa. Hayo ndiyo matatizo ya kura: anashinda mwenye mashabiki wengi, kisha mwandishi anatafuta namna ya kuhalalisha. Wolverine na Lobo walipigana nyuma ya kaunta ya baa, hatukuonyeshwa hata ngumi moja! Ni kama kwenda uwanjani ukaambiwa matokeo getini.

Radi_ya_Kisii
Mwalimu, Aquaman wa DC alimwangushia Namor wa Marvel, mfalme mwenzake wa baharini, nyangumi. Hilo tulionyeshwa.

Dunga_Boy
Hapa kwetu ziwani angetumia mbuta 😂

Mwl_Kakamega
Haya. Otis, ndugu yangu, mimi ni namba 3. Kazi ilianza 1981, kufikia katikati ya 1983 Pérez alikuwa amechora kurasa 21, wahariri wa pande mbili wakashindwa kuelewana kuhusu hadithi, ikafa. Ikatoka miaka 20 baadaye, na huyo huyo Pérez akachora. Jalada la toleo la tatu lina wahusika zaidi ya 200.
Hata hivyo si michoro iliyonishika. Kila timu inaingia dunia ya wenzake na kuidharau. Superman anaona mashujaa wa Marvel wameiacha dunia yao iharibike. Captain America anaona wale wa DC wanaabudiwa kama wafalme na wanaanza kuzoea. Wote wawili wana ukweli kidogo, na ndiyo sababu wanapigana. Hapo hakuna miale ya siri wala kura.

Mama_Tumaini
Naomba niulize la maana: begi lina kilo ngapi? Hiyo mikusanyo ya 2024 ni tofali. Na namba 3 ilipochapwa upya 2022, kusaidia wachoraji wenye shida, zilikuwa nakala 7,000 tu. Ukiipata kwa bei ya akili nipigie.
Mwanangu, tafuta yale matoleo manne ya mwanzo, ya 2003 na 2004, yaliyotumika. Ni membamba, yanalala chini ya shati. Hayo si kitabu, hayo ni karatasi.

Otis_Kondele
Mama, Mungu akubariki. Nimemwandikia binamu hivi sasa: manne membamba chini ya mashati, na tofali la namba 1 kwenye nafasi yangu. Shemeji amenimaliza na lile teke.

Radi_ya_Kisii
Na Storm?

Otis_Kondele
Storm atasubiri Desemba ijayo. Binamu amejibu sasa hivi: “Mashati ya nani?”