Tupeane uzoefu: Baiskeli ya mazoezi ya kukunja, uliichaguaje na goti linasemaje?

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naona watu wengi wanaulizia hizi baiskeli za mazoezi zinazokunjwa, hasa wale ambao goti, nyonga au mgongo umewakatalia kukimbia. Nami ni mmoja wao, huu ni mwaka wa pili natumia. Naanza na yangu, halafu kila mwenye lake amwage.

Goti langu la kulia gegedu limelika. Nilikatazwa kukimbia na kuruka kamba, nikaambiwa nitafute zoezi ambalo mguu haupigi chini. Ukikimbia, kila unapotua mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwenye baiskeli mwili umebebwa na siti na nyayo hazibanduki kwenye pedeli, kwa hiyo kile kishindo hakipo.

Ya kwanza niliagiza kwa kutazama picha. Nikaangalia skrini, nikaangalia kama ikikunjwa itakaa nyuma ya mlango, basi. Urefu wa siti sikuuangalia. Mimi nina sentimita 186. Ilipofika nikavuta siti hadi tundu la mwisho, na bado pedeli ikiwa chini kabisa goti lilikuwa limepinda sana. Wiki ya pili maumivu yakaanza mbele, palepale kwenye pia ya goti. Nikaamini kwamba hata baiskeli hainifai, nikaiacha mwezi mzima.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifumbua macho kwa swali moja: "Ukiweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unanyooka?" Haukunyooka. Nikairudisha ile baiskeli nikatafuta yenye siti inayopanda juu zaidi, na yale maumivu ya mbele yaliisha ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli, izungushe hadi chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limepinda kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi, na hapo ndipo panapotakiwa. Siti ikiwa chini mno utaumia mbele ya goti. Ikiwa juu mno utaumia nyuma yake, na utajiona unayumba kushoto na kulia kila ukikanyaga.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: nyingi ya hizi za kukunja siti yake hupanda na kushuka tu, haisogei mbele wala nyuma. Umbali kati yako na pedeli umeshaamuliwa na fremu. Ukikosea fremu, hakuna spana itakayokuokoa. Mimi siku hizi mtu akiniuliza aina gani nzuri, namuuliza kwanza ana urefu gani.

Haya, karibuni. Mlichagua kwa kigezo gani, na mwili umeitikiaje?

#2

Mkuu umenena, ila kwangu ilikuwa kinyume chako. Nina sentimita 151. Siti kwenye tundu la chini kabisa na bado nilikuwa nafikia pedeli kwa ncha za vidole. Kwenye maelezo waliandika "inamfaa kila mtu". Sasa natafuta namba mbili tu: umbali mfupi kabisa na mrefu kabisa kutoka siti hadi pedeli. Ukijipima mguu wa ndani, kutoka kwenye uvungu wa mapaja hadi sakafuni, utajua kama unaingia humo.

Nyongeza kwa wenye mgongo kama mimi: tafuteni yenye egemeo na vishikio viwili kando ya siti. Ile ya kawaida inakufanya uinamie usukani, na baada ya dakika kumi kiuno kinaanza kulalamika. Yenye egemeo unakaa umejiegemeza, pedeli ziko mbele yako badala ya chini yako. Zipo zinazokunjwa nusu ili uchague, ukikaa wima au ukilala nyuma kidogo. Mimi wima siiwezi hata dakika tano.

#3

Naomba niwasimulie ya mama yangu, labda kuna anayemuuguza mzazi.

Alibadilishiwa goti. Alipofikia hatua ya kuruhusiwa baiskeli, mtaalamu akatuambia tusimlazimishe kuzungusha duara zima. Ili pedeli imalize mzunguko, goti linahitaji kukunjika kama nyuzi 105 hadi 110, na yeye alikuwa hajafika huko. Basi tukapandisha siti juu kuliko kawaida, uzito tukauweka kwenye namba 1, akawa anasukuma pedeli mbele hadi goti likaze, anairudisha nyuma hadi likaze, kama mtu anayetikisa kitanda cha mtoto. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Mimi nakaa chini sakafuni nimeshika mguu wa baiskeli, yeye anahesabu kwa sauti.

Siku pedeli ilipopita juu kwa mara ya kwanza ilikuwa kwa kurudi nyuma, maana kuzungusha kinyumenyume kulimwia rahisi. Alinyamaza. Akazungusha tena. Kisha akasema, "Imepita, mwanangu." Tangu hapo tukawa tunashusha siti tundu moja moja kadiri goti linavyokubali.

Nilichojifunza kuhusu kuchagua: angalia namna ya kupanda. Fremu hizi zina umbo kama mkasi uliofunguliwa, na katikati pana bomba ambalo mguu lazima ulivuke. Kwa kijana si kitu. Kwa mtu mwenye goti jipya au nyonga iliyokakamaa, sentimita kumi za juu zaidi zinatosha kumwangusha. Ya kwanza tuliyoijaribu ilimshinda kupanda kabla hata hajafika kwenye pedeli. Na ile pini ya kufungia mkunjo nilikuwa naihakiki mwenyewe kila siku kabla hajakaa. Naivuta, naisukuma, naitikisa fremu, ndipo namwita.

#4

Uzoefu wa mtu mzito. Nina kilo 117. Niliyonunua mwanzo iliandikwa mwisho kilo 120, nikaona nimo ndani. Kweli haikuvunjika, ila nikikanyaga kwa nguvu fremu ilikuwa inapinda upande na ile bolti ya katikati inalia. Usitafute kikomo kinachokutosha kwa kubana, acha nafasi ya kilo 15 au 20. Niliyo nayo sasa kikomo ni kilo 136, yenyewe ina uzito wa kilo 20 na ushee, na miguu yake ni mipana. Haitikisiki. Kuibeba ni shughuli, lakini ina vigurudumu, naiinamisha naiburuta.

Na msisimame juu ya pedeli kama mnapanda kilima. Hizi si zile nzito za jimu. Kitovu cha uzito kikihama mbele, inabinuka.

Kitu kingine nilichokigundua kwenye kibandiko chini ya fremu: herufi HC. H maana yake ni ya matumizi ya nyumbani, C ni daraja la chini la usahihi wa vipimo. Kwa hiyo zile kalori kwenye skrini zisikupe furaha wala huzuni. Yangu haijawahi kuniuliza nina kilo ngapi, sasa inajuaje nimechoma kiasi gani? Mimi nahesabu dakika tu.

#5

Nafanya kazi za usiku, nyumba nzima hulala nikiwa naamka. Kwangu kigezo kilikuwa kelele. Chukueni ya sumaku yenye mkanda. Sumaku haigusi gurudumu, ukizungusha nobu inasogea karibu na zoezi linakuwa zito, basi. Zile za kubana gurudumu kwa kipande cha sufi au ngozi hulia, na kile kipande huisha. Chini natandika mkeka wa mpira, sakafu haichubuki na jasho halifiki kwenye chuma.

#6

Mimi niliiacha, na nadhani ni haki msikie na upande huu. Sikuwa na tatizo la goti, nilitaka mazoezi makali ya kukata pumzi. Gurudumu la ndani kwenye hizi za kukunja ni jepesi, ukiacha kusukuma linasimama mara moja, na ukipeleka nobu namba 8 bado unapiga stori. Nikahamia isiyokunjwa yenye gurudumu zito.

Pia jiulizeni kwa ukweli kama mtaikunja. Mimi nilikuwa naikunja kila siku wiki ya kwanza, halafu ikabaki wazi miezi minne katikati ya chumba. Nafasi iliyokuwa tatizo langu haikutatuka.

#1 (mwanzisha uzi)

#6 asante, umesema kweli na wanaotaka mbio za nguvu wasikilize. Ila kwa sisi wa goti, kule kuweza kupiga stori ndiko tunakokutaka. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki, na wastani ni pale unapoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mimi nagawa nusu saa kwa siku tano, pedeli nazungusha mara 60 hadi 80 kwa dakika, uzito namba 3 au 4. Mwanzoni nilikuwa naweka namba kubwa na kukanyaga polepole nikidhani ndiyo mazoezi, kumbe nalikamua goti. Nyepesi na ya haraka kidogo ndiyo imenisaidia.

#3, salamu nyingi kwa mama. Hilo la bomba la katikati sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

Na wenye mifupa iliyopungua uzito, baiskeli peke yake haiwatoshi, kwa sababu ileile inayolipumzisha goti: mifupa haibebi mwili. Changanyeni na kutembea au kunyanyua vitu vizito kwa kadiri mlivyoruhusiwa.

#7

Wadau nisaidieni. Yangu ina wiki tatu, pedeli ya kushoto inagonga "tak" kila mzunguko na inalegea. Nimeikaza kwa spana mara nne, kesho yake imelegea tena. Niirudishe?

#1 (mwanzisha uzi)

Acha kwanza kuikanyaga hivyo hivyo, utaharibu thredi za mkono wa pedeli na hapo hakuna tena cha kukaza. Angalia mwisho wa ekseli ya pedeli, pameandikwa L au R. L ni ya kushoto ukiwa umekaa, na thredi zake ni za kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Inawezekana kila ukidhani unakaza ulikuwa unaifungua. Itoe yote, futa vumbi, ianze kwa vidole. Ikigoma kwa vidole usilazimishe kwa spana, maana imeingia upande.

#7

Nimeitoa. Herufi ni L, iko upande wake, ila thredi ya kwanza ya ule mkono imeliwa kidogo, inang'aa. Nimeianza kwa vidole ikagoma mara mbili, ya tatu ikaingia, nikazungusha kinyume cha saa hadi mwisho ndipo nikaweka spana. Nimekanyaga dakika 20. Haijagonga. Kesho asubuhi naijaribu tena kwa spana kabla ya kupanda, nitaleta mrejesho hapa.