Hija ya miguu Namugongo: tukodi gari la mizigo au kila mtu abebe wake?

Ndugu zangu, kabla hatujaanza kuchangishana kwa ajili ya 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tulizungumze hili. Kuna pendekezo kikundi chetu kikodi gari la kutubebea mabegi kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Namugongo karibu na Kampala, walipouawa wengi wa Mashahidi hao. Ni karibu kilomita 200. Mimi napinga.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa nalo. Kwa sababu gari lipo, kila mtu alijaza: magodoro, sufuria, nguo za Misa tatu tatu. Mvua ikatukuta katikati ya msitu wa Mabira, na makoti ya mvua yamo garini, gari limeshatangulia Mukono. Mwenzetu alitembea na soksi mbichi mpaka nyayo zikachunika. Malengelenge yalipopasuka tukatafuta bendeji. Nazo zilikuwa garini.

Mwaka uliofuata nilibeba kilo nne. Nguo moja ya kubadilisha, soksi jozi tatu, koti la mvua, chumvi ya kuoshea miguu, kitambulisho cha kuvukia mpaka, rozari, na leso. Hiyo leso ilikuwa shuka, taulo na kivuli. Viatu nilikuwa nimevizoeza miezi miwili. Viatu vipya ndivyo vinavyowashinda watu kabla hata ya Iganga. Chakula na pa kulala, parokia za njiani zilitupokea.

Mama wa jumuiya: Mwanangu, wewe una nguvu. Mimi nina kisukari, na tuna wazee. Mkikataa gari mmetufungia mlango. Usiniambie hija ni mateso. Mashahidi walitolewa Munyonyo mwaka 1886 kupelekwa Namugongo kuuawa, wakiwa wamefungwa kamba, hawakuchagua. Sisi tunachagua.

Mtoa hoja: Mama, sitaki mtu ateseke, na ndiyo maana nasema dawa zako zisikae garini hata dakika moja. Zikae mwilini mwako, pamoja na kitu kitamu cha kula sukari ikishuka. Gari la wagonjwa nitalichangia leo hii: liwe tupu, lifuate nyuma yetu, anayezidiwa apande. Mzigo wa mzee tutagawana vijana wanne, hakuna atakayeusikia. Ninalolikataa ni lori la magodoro linalotutangulia.

Waliowahi kutembea na gari likiwafuata nyuma watuambie: dereva alikubali mwendo ule kwa shilingi ngapi kwa siku?