Ujenzi wa wodi katikati ya mtaa: zege, nyufa na turubai la msiba

DadaRatiba
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mradi kwa upande wa mwenye jengo, sio mkandarasi. Ni hospitali binafsi ya kawaida tu, Magomeni, tunaongeza ghorofa nyuma ya wodi ya wazazi. Kibali cha manispaa kipo, cheti cha mazingira cha NEMC kipo, bango liko getini. Makaratasi hayanisumbui. Kinachonisumbua ni mtaa.

Njia ya kuingia ni moja. Jumamosi tulipanga kumwaga slabu, yaani zege la sakafu ya ghorofa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mzee mmoja akafariki, nyumba za pale konani. Kulivyopambazuka turubai limeshafungwa katikati ya barabara, kina mama wako kwenye mikeka, na malori ya zege yamesimama Barabara ya Morogoro yanazungusha tu. Foremani ananiambia, "Dada, kaongee nao watupishe." Nikamwambia aende yeye kama ana huo uso. Malori yakarudi, na mpaka leo tunabishana nani alipe. Sasa anataka tumwage usiku.

Kuna na jirani ukuta wake una ufa. Yeye anasema ni sisi, mkandarasi anasema ni wa zamani, picha hana mtu. Na matroni hanipi usingizi kwa habari ya vumbi. Waliowahi kujenga katikati ya watu, mlifanyaje?

MzeeWaTimazi
Pole binti. Zege la lori linatakiwa limwagwe ndani ya kama saa moja na nusu tangu saruji iguse maji, na joto letu hili linapunguza hata hapo. Kuna dawa ya kuchelewesha kuganda, ila haisubiri msiba wa siku tatu. Mjumbe wa shina awe na namba yako. Mpigie jioni ya kuamkia zege, umpigie tena alfajiri kabla gari la kwanza halijapakiwa. Mkataba nao useme siku kama hiyo hasara ni ya nani.

Usiku usikimbilie. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zinabana zaidi usiku, na wagonjwa wenu wenyewe wamelala palepale.

Ule ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kuukatiza. Ukuta ukiendelea kuachana, kioo kinavunjika, ubishi umeisha. Nyumba nyingine zinazopakana nanyi zipigwe picha ndani na nje, mwenye nyumba asaini, mjumbe ashuhudie.

NesiZamuUsiku
Matroni msikilizeni jamani. Vumbi la kubomoa hubeba mbegu za fangasi aina ya Aspergillus. Mzima atakohoa aendelee na safari, lakini mwenye kinga iliyoshuka, mfano anayetibiwa saratani, linaweza kumuua. Nailoni iliyoning'inizwa mlangoni sio kizuizi. Jengeni ukuta wa mbao au jipsamu mpaka darini, madirisha ya upande huo yafungwe, lowesheni kabla ya kuvunja, kifusi kitoke kimefunikwa na kisipitie korido ya wagonjwa. Na fundi asikate bomba asilolijua. Kuna la oksijeni humo.

JiraniWaSaiti
Mimi naishi ubavuni mwa ujenzi kama huo, Sinza. Kelele za mchana tumezoea. Kinachotuudhi ni maji ya msingi kupampiwa barabarani, na mama ntilie kuondolewa getini bila hata salamu. Halafu mafundi wenu wanamtafuta wapi saa saba mchana?

DadaRatiba
Mama ntilie wetu yupo, tumemsogeza upande wa kivuli. Maji yanaenda kwenye mtaro, ila mtaro wenyewe unajaa mchanga na masika ndiyo hiyo, nitawabana wauzibue. Mzee, shikamoo. Hicho kioo nabandika kwa nini, gundi au saruji?

MzeeWaTimazi
Marahaba. Saruji inatosha, ncha zote mbili, katikati pabaki wazi. Kwangua rangi na plasta kwanza ishike tofali lenyewe, andika tarehe pembeni. Na jirani awepo unapobandika.