Amemwambia mke wangu aanze kuhesabu eda kwa sababu ya boljointi!

Mzee wa Tosheni (mtoa mada):
Wakuu, ninaandika mikono ikiwa bado na grisi, na hasira niliyonayo ingetosha kufungua nati iliyoshika kutu bila spana. Yule bwana nyote mnamjua, hana haja ya kutajwa: ndiye anayeazima jeki Idi hii na kuirudisha Idi nyingine, tena bila mpini. Leo ameingia uani kwangu bila kuitwa, akanikuta nimelala chini ya Hilux yangu ya mwaka 1994, akachungulia boljointi za juu (viungo vyenye kichwa cha duara vinavyoshikanisha gurudumu na mikono ya chuma inayolibeba), kisha akamgeukia mke wangu aliyekuwa analeta chai, akamwambia mbele ya watoto na mbele ya mama mkwe wangu: "Shemeji, anza kuhesabu eda mapema."

Eda! Mimi ni mzima, ninapumua, nimeshika spana mkononi, na mtu ananihesabia miezi minne na siku kumi!

Kosa langu ni lipi? Nimeweka kipande cha chuma chenye unene wa milimita 38 kati ya boljointi ya juu na mkono wake, kila upande, kwa boliti ndefu zenye alama ya 10.9 kichwani, yaani za chuma kigumu, kwa sababu nilipokaza tosheni (fimbo ya chuma inayojisokota na kufanya kazi ya springi) ili kuinua pua ya gari, mkono wa juu ulikuwa unagonga kizuizi chake kila gurudumu liliposhuka shimoni. Kipande hicho kinaurudishia mkono nafasi ya kushuka. Tena katika Hilux hizi tosheni imeshikana na mkono wa juu, kwa hiyo uzito wa gari unaikandamiza boljointi ile, hauivuti itoke. Hayo yote hakuyauliza. Hakugusa hata boliti moja. Alitazama kwa muda wa kumeza funda moja la chai, tena chai yangu, akatamka eda. Sasa mama mkwe amekwisha kuwapigia simu ndugu zake walioko Tanga, na wanauliza nauli ya basi.

Gerezani Asilia:
Pole, mkuu. Weka picha za boljointi hizo ili tuamue kama inatosha eda au tuanze kupanga arobaini kabisa.

Mama Stelingi:
Mimi ninamuunga mkono mtoa mada. Bwana huyo huyo alinikuta nikibadilisha tairodi, fimbo ya usukani, ya gari langu, akawatangazia majirani kwamba mwanamke akishika spana mvua hainyeshi. Mpaka leo jua likizidi, watu wananitazama mimi.

Dereva wa Vumbi:
Mtoa mada ameeleza vizuri habari ya kukandamiza na kuvuta, lakini amezikwepa sivi jointi, viungo vya ekseli vinavyozungusha magurudumu ya mbele. Ukiinua pua kiasi hicho, ekseli za mbele hukaa kwa pembe kali, mipira yake huchanika, grisi humwagika na mchanga huingia. Na alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, umepima?

Mzee wa Tosheni:
Alaimenti nitapima kesho. Ninachouliza ni kimoja: mtu anapata wapi ujasiri wa kutamka eda mbele ya mama mkwe?

Spana Kumi na Saba:
Boljointi si jambo la mzaha, mkuu. Mwaka 2005 Toyota yenyewe iliyaita magari ya Tacoma huko Marekani yarudishwe kwa sababu ya kasoro ya boljointi za chini, na hayo yalitoka kiwandani, hayakutoka uani kwa mtu. Shemeji asikilize ushauri.

Dereva wa Vumbi:
Afadhali wewe umetukanwa tu. Mimi nimeuziwa boljointi iliyoandikwa Japani kwenye boksi, na kabla mwezi haujaisha mpira wake umepasuka na gurudumu linacheza. Nilipoirudisha dukani, muuzaji aliniuliza kwa nini ninapita barabara mbaya.

Mama Stelingi:
Wauzaji wana nafuu. Fundi aliyenifungia boljointi alikosa spliti pini, ile ya kuzuia nati isifunguke, akapitisha msumari kwenye tundu la nati, akaukunja, akanilipisha bei kamili na kuniambia kwamba hiyo ndiyo imara zaidi.

Mzee wa Tosheni:
Wakuu, tulikuwa tunazungumzia eda.

Gerezani Asilia:
Subiri kwanza, mkuu. Mama Stelingi, msumari huo ulikuwa wa inchi ngapi?